Mikhail Katukov: Jemadari wa Vifaru Aliyejua Kusubiri

Mikhail Katukov, aliyezaliwa mwaka 1900 katika familia ya wakulima karibu na Kolomna, alijiunga na Jeshi Jekundu, yaani jeshi la dola ya Kisovieti, mwaka 1919, akapanda vyeo hadi kuwa miongoni mwa majemadari mashuhuri wa vifaru katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Ujerumani ilipovamia mwezi Juni 1941, Katukov aliongoza divisheni ya vifaru magharibi mwa Ukraine, ambayo ilipata hasara kubwa na kulazimika kurudi nyuma. Oktoba mwaka huohuo, karibu na Mtsensk, brigedi yake ilipewa kazi ya kuwachelewesha askari wa Jenerali Heinz Guderian waliokuwa wakielekea Tula na Moscow. Badala ya kupambana uwandani, alivificha vifaru vyake vya T-34, ambavyo deraya yake, yaani mabamba manene ya chuma, ililazwa mshazari ili makombora yateleze, akaamuru vivizie kwenye kingo za misitu, vipige kwa karibu, kisha vihame upesi. Guderian mwenyewe alikiri baadaye uzito wa pigo hilo, na Novemba brigedi hiyo ikawa kikosi cha kwanza cha vifaru kupewa hadhi ya Walinzi, heshima waliyotunukiwa waliopigana kwa ushujaa wa pekee.

Katika mapigano ya Kursk, Julai 1943, akiwa kamanda wa Jeshi la 1 la Vifaru, alipinga agizo la kushambulia mara moja, kwa kuwa Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani chenye mzinga wa milimita 88, kingeviangamiza vifaru vyake kutoka mbali. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alimpigia simu, akamsikiliza, akakubali vifaru vibaki vimefukiwa mahandakini.

Baadaye jeshi lake lilivuka mto Vistula nchini Poland, naye akatunukiwa mara mbili nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Hata hivyo, Aprili 1945, kwenye vilima vya Seelow mashariki mwa Berlin, Marshali Zhukov, mkuu wake, aliviingiza vifaru vya jeshi hilo vitani kabla askari wa miguu hawajavunja ngome za adui, na hasara ikawa kubwa.

Katukov alipandishwa kuwa Marshali wa Vikosi vya Deraya mwaka 1959, akafariki mwaka 1976. Tofauti kati ya Mtsensk na Seelow inathibitisha kwamba nguvu ya kifaru hutegemea busara ya anayekiamuru, na kwamba pupa ya makamanda hulipwa kwa maisha ya askari.