Komamanga la fedha katika mirathi: tulitambueje, tulithaminije?

Katika makabati ya vioo ya nyumba nyingi za mwambao, baina ya mirashi, vyetezo na birika za shaba, si ajabu kukuta tunda la madini: komamanga, tufaha, peasi au kishada cha zabibu. Aghalabu hakuna ajuaye kwa yakini lilikotoka. Huambiwa kwamba liliingia na chombo kutoka Maskati au Bombay, au lilinunuliwa mnadani, na tangu hapo likaitwa "la fedha" kwa kuwa linameta.

Maadamu mwenye nyumba yu hai, jina hilo halimdhuru mtu. Shida huzuka anapofariki na warithi wakakaa kugawana. Mmoja husema ni fedha tupu, mwingine husema ni shaba ya kuchovya, na wa tatu huwa amekwisha kulibeba. Mjane aliyehesabiwa komamanga hilo ndani ya thumuni yake, kisha sonara akamwambia ni shaba, amepunjwa haki yake hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Kwa hiyo tumeona ni vyema kueleza jinsi pambo la namna hii linavyotambuliwa na kukadiriwa bei.

Macho kwanza

Lichukueni pambo mbele ya dirisha, mchana. Tazameni sehemu zilizochomoza: taji la komamanga, kikonyo, ncha za majani na kitako linapokalia. Hapo ndipo mkono na kitambaa hupita zaidi. Ikiwa chini ya weupe panaonekana unjano au wekundu, hilo ni pambo la shaba lililochovywa. Fedha ikikaa huwa nyeusi. Shaba hutoa kutu ya kijani, hasa kwenye mikunjo na maungio.

Kisha leteni sumaku. Fedha na shaba hazivutwi nayo. Likivutwa, ndani mna chuma. Lakini kutovutwa si ushahidi wa fedha, kwa kuwa shaba, bati, risasi na alumini nazo hazivutwi.

Kusoma mihuri

Geuzeni pambo mtazame kitako chake kwa kioo cha kukuzia. Namba 925 ina maana kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini, 925 ni fedha safi. Namba 800 ina maana sehemu 800. Fedha ya Uingereza huwa na simba anayetembea, pamoja na alama ya mji ilikopimwa: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Nanga hiyo haina uhusiano wowote na meli, ingawa wengi hudhani hivyo.

Alama nyingine inayowachanganya Waislamu ni hilali. Hilali iliyo pamoja na taji si ishara kwamba pambo limetoka nchi ya Kiislamu. Ni muhuri wa fedha ya Ujerumani, uliotumika tangu mwaka 1888. Fedha ya dola ya Uthmaniya ndiyo iliyopigwa tughra, yaani saini ya Sultani iliyofumwa kwa herufi za Kiarabu. Hata tughra nayo hughushiwa.

Herufi EPNS ziwape tahadhari. Maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa utando mwembamba wa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliupatia hataza mwaka 1840. Ndani yake hamna fedha hata chembe.

Na pambo lisilo na muhuri je? Msilitupe. Fedha nyingi ya zamani ya Oman na ya mwambao wetu ilifuliwa kutokana na reale za Maria Theresa, sarafu zenye tarehe 1780, ambazo kila moja ina uzito wa gramu 28 na usafi wa takriban 833 kwa 1,000. Masonara waliziyeyusha na kuzifua bila kupiga namba yoyote.

Mizani na maji

Kipimo hiki hufanyika jikoni kwa mizani ya dijitali. Pimeni pambo likiwa kavu. Kisha wekeni bakuli la maji juu ya mizani, rudisheni namba kwenye sifuri, mlining'inize pambo kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa kitako wala ukingo wa bakuli. Gaweni uzito wa kwanza kwa namba mpya inayoonekana.

Kwa mfano, pambo la gramu 420 likionyesha 40 majini, jawabu ni 10.5, nao ndio uzani wa fedha safi. Ya 925 hushuka kidogo tu. Likionyesha 49, jawabu ni kama 8.6, yaani shaba au mchanganyiko wake.

Kipimo hiki hudanganya pambo likiwa na uwazi ndani uliozibwa, na matunda mengi huwa hivyo, kwani huundwa kwa nusu mbili zilizolehemiwa. Mengine ya siku hizi ni bamba jembamba la fedha lililofunika utomvu mgumu. Hapo msikadirie kwa uzito, mpelekeeni sonara.

Bei ipi?

Kitu kimoja kina bei zaidi ya moja. Kuna bei ya madini: gramu 300 za fedha ya 925 zina gramu 277.5 za fedha safi, nazo huzidishwa kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Kuna bei ya ufundi na ukale, inayoweza kuizidi ya madini mara nyingi, ikiwa kazi ni ya mkono na haikuharibiwa. Na kuna thamani ya kumbukumbu, ambayo haiingii katika hesabu ya fungu la mtu.

Kwa mirathi, bei inayofaa ni ile ambayo sokoni ingelipwa kweli siku ya mgawanyo, baada ya madeni na wasia kutolewa. Pelekeni pambo kwa wathamini wawili wasiotaka kulinunua, kwani mnunuzi hajithaminishii kwa hasara. Warithi wote, na msimamizi wa yatima, waone karatasi za makadirio. Kisha ama liuzwe wagawane fedha, ama mmoja alichukue likihesabiwa katika fungu lake.

Likithibitika kuwa ni fedha, lisisahauliwe katika zaka. Wanavyuoni wengi wa zama hizi hukadiria nisabu ya fedha kuwa gramu 595, na pambo hilo hujumlishwa na fedha nyingine iliyomo nyumbani. Kwa hukumu ya kila hali, waulizwe masheikh.

Ya kuepuka

Kabla ya kuthaminiwa, pambo lisisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, lisikwanguliwe kwa tupa wala kumwagiwa tindikali. Weusi wa miaka ni sehemu ya ushahidi wa umri wake, na utando wa fedha ukishatoka haurudi. Kwa kuwa lehemu ya zamani yaweza kuwa na risasi, watoto wasiachiwe kulitia mdomoni. Lipigeni picha, andikeni uzito na mihuri yake, na karatasi hiyo muiweke pamoja na hati za nyumba tangu mwenyewe akiwa hai na anaweza kusema lilikotoka.