Kitamu Kidogo cha Mtumbwini

Ifikapo mwezi wa Desemba, mtaa wa Jericho hapa Nairobi hubadilika sura. Mtaa huu ulijengwa na Halmashauri ya Jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu siku zile umekaliwa na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Basi likizo inapokaribia, mizigo hufungwa katika kila nyumba. Wengine huelekea Murang'a, wengine Machakos na Kitui, wengine Kakamega, na wengine hushika njia ndefu ya kwenda Nyanza. Miongoni mwa hao wa mwisho wako ambao safari yao haiishii penye barabara. Wakishuka katika basi asubuhi huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, hupanda mtumbwi wa mbao ili wafike kisiwa cha Mfangano. Wala si wenyeji peke yao wanaokwenda huko. Vikundi vya vijana na majirani nao huchanga fedha wakaenda kutazama michoro ya kale iliyo miambani, kupanda vilima na kulala katika mahema.

Juu ya nauli, mahema na jaketi za kuokoa maisha, watu hushauriana sana, na ni haki washauriane. Lakini liko jambo dogo ambalo mara nyingi huachwa mpaka basi limekwisha kupiga honi, nalo ni kile kitu kitamu cha kula pamoja njiani. Yafaa tueleze kwa nini kitu hicho kidogo kina kazi kubwa, jinsi ya kukifunga na, zaidi ya yote, jinsi ya kukigawa.

MASURUFU NI MENGINE, KITAMU NI KINGINE

Chakula cha njiani huitwa masurufu. Hicho ni chakula cha kutia nguvu: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, nyoyo ya mahindi na maharagwe, unga wa kupika ugali mkifika, chumvi na majani ya chai. Asiyechukua masurufu hujitafutia taabu, maana njaa haina huruma. Lakini kitamu si cha kuondoa njaa. Kitamu ni kile ambacho mngeweza kusafiri bila hicho na msife: kashata, tende chache, kipande cha halua, au simsim iliyofinyangwa kwa sukari ikawa madonge ya mviringo. Shabaha yake ni moyo wala si tumbo.

Safari ya maji ina saa zake ngumu. Mchana, nchi kavu ikipata joto, upepo hutoka ziwani ukavuma kuelekea ufukoni, na alasiri mawimbi huweza kuinuka ghafula. Abiria hulowa, huona baridi, watoto hulia, na hasira za watu wazima huwa karibu. Katika saa hiyo kitu chenye sukari humrudishia mtu nguvu upesi. Tena humkumbusha kwamba yuko mtu aliyemfikiria tangu alipokuwa jikoni, kabla ya safari kuanza.

Jambo hili si geni kwa wanamaji. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja yalileta tende, yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Tende ilikuwa shehena, na tena ilikuwa chakula cha mabaharia wenyewe, kwa kuwa haiozi upesi, haihitaji moto, na huhesabika kwa kokwa.

Hata katika nchi ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia watu walilijua jambo hili. Siku ya Krismasi ya mwaka 1902, Waingereza watatu, Scott, Wilson na Shackleton, walikuwa wakivuta vigari vyao vya theluji kwa miguu, wenye njaa, na ugonjwa wa kiseyeye ukiwanyemelea. Kila mzigo wao ulikuwa umepimwa. Walipokwisha kula, Shackleton akaingiza mkono katika soksi zake za akiba akatoa pudini ya Krismasi, kadiri ya mpira wa kriketi, ambayo alikuwa ameificha muda wote huo. Wakaipasha moto wakaila wote watatu. Mpira wa kriketi haushibishi hata mtoto. Lakini zaidi ya miaka 120 imepita, na watu wangali wanaihadithia pudini ile, kwa sababu mwenye kuibeba alikuwa na njaa kama wenzake, na hakuila peke yake.

YALIYOTOKEA KATI YA MBITA NA MFANGANO

Desemba moja nilikuwa miongoni mwa watu tisa wa Jericho waliokuwa wakivuka kwenda Mfangano. Mtumbwini tulikuwa kumi na wanne: sisi tisa, abiria watatu tusiowajua, nahodha na kijana wake. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amechukua kopo la bati lenye madonge ishirini ya simsim. Hesabu yake ilikuwa mawili kwa kila mtu wetu, na mawili ya ziada kwa ajili ya watoto.

Tulipokuwa mbali na ufuko mashine ilizima. Mtumbwi ukageuka ubavu kwa mawimbi, maji yakaanza kuingia kidogo kidogo, na kijana wa nahodha akashika kopo akawa anayatoa. Nahodha akavuta kamba ya mashine mara nyingi, isiwake. Watu wakaanza kulaumiana. Huyu alisema tungalisubiri kesho, yule alisema mizigo yetu ni mingi mno, na wale wageni watatu wakakaa kimya upande wao, wakitutazama kama watu wanaosikiliza ugomvi wa nyumba ya jirani.

Ndipo yule mama akafungua kopo lake. Alimpa nahodha kwanza, kisha kijana wake, kisha wale wageni watatu, na baadaye sisi. Kijana mmoja wa kundi letu akanung'unika, "Lakini mama, hawa hawakuchanga." Mama akamjibu bila kuinua sauti, "Mwanangu, maji yakijaa humu, yatauliza nani alichanga?"

Kijana hakuwa na jibu. Mmoja wa wale wageni akashika sufuria yetu akaanza kuteka maji pamoja na kijana wa nahodha. Mwingine, ambaye kumbe ni fundi wa mashine za namna ile, akasogea nyuma akamwomba nahodha amruhusu kutazama. Akafungua plagi, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Baada ya muda mashine ikawaka.

Sisemi kwamba simsim ndiyo iliyowasha mashine. Aliyeiwasha ni fundi. Nasema tu kwamba fundi yule alikuwa amekaa pale muda wote, na hakuna aliyekuwa amemsemesha neno. Yale madonge sita yaliyobaki waligawiwa watoto jioni tulipofika.

JINSI YA KUCHAGUA NA KUFUNGA

Kwanza, chagua kitu kisichoharibiwa na joto. Njugu zilizokaangwa, simsim, kashata, tende, na yale mandazi magumu ambayo hapa Nairobi huitwa kangumu, vyote vyafaa. Kadhalika yafaa nyirinyiri ya ndugu zetu wa kaskazini, Wasomali na Waborana, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta; mtu wa Jericho aweza kuipata karibu, huko Eastleigh. Hekima hiyo ilikuwako hata Kanada, ambako wapiga makasia wa mitumbwi ya biashara ya ngozi walisafiri majuma mengi wakila nyama iliyokaushwa, ikapondwa na kuchanganywa na mafuta. Pilau na nyama ya mchuzi viacheni nyumbani, maana baada ya usiku mzima katika basi huweza kuwaletea ugonjwa wa tumbo. Njugu zenye kuvu zitupwe, kwa sababu sumu yake haitoki kwa kukaangwa.

Pili, kitamu kiwe kitu cha kugawanyika sawasawa bila kisu na bila ugomvi. Donge ni donge, tende ni tende. Keki kubwa katika chombo kinachoyumba humpa mmoja pande na mwenzake makombo, na badala ya kuleta furaha huleta manung'uniko.

Tatu, kifungwe katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, likizungushiwa kitambaa safi ambacho kitatumika tena. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuko zilizohifadhiwa. Karatasi na maganda yarudi katika kopo, yasitupwe majini. Watu wa visiwani huvua katika maji hayo, huoga humo, na wengi huyachota kwa kunywa.

Nne, kisiwe kizito. Kopo moja lishikwalo kwa mkono latosha kundi zima. Mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi ni hatari, na hakuna kitamu kinachostahili kuchukua mahali pa jaketi ya kuokoa maisha.

Tano, chukueni maji ya kunywa yaliyochemshwa, kwa kuwa vitu vya sukari na chumvi huleta kiu. Mtu asidanganyike kwa kuona maji mengi pande zote. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yaweza kumletea kipindupindu na homa ya matumbo, na huko ufukoni yamo makonokono yanayoeneza kichocho.

JINSI YA KUGAWA

Mtunzaji awe mmoja, na ikiwezekana wengine wasijue alichonacho. Asikitoe mapema. Kitamu kilichofunguliwa Narok hakifiki Mbita. Mtunzaji mwenye busara hungoja saa ambayo watu wamenyamaza kwa uchovu, au mvua imewapiga, au maneno makali yamekwisha anza.

Wakati wa kugawa, wahesabiwe watu wote waliomo chomboni, si walioandikwa katika daftari ya michango. Nahodha ahesabiwe, na kijana wake, na mgeni aliyelipa nauli yake mwenyewe. Hao ndio walioshikilia maisha yenu, nanyi mmeshikilia yao. Kwa hiyo, mkiwa watu kumi, fungeni ishirini. Ziada hiyo si hasara.

Mtu aliyefunga, au mgonjwa wa sukari, au mwenye kichefuchefu, asilazimishwe wala asirukwe. Apewe fungu lake mkononi, aliweke au ampe amtakaye. Kurukwa huuma kuliko kukosa. Mgawaji naye achukue la mwisho, na asingoje shukrani. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya kitoto, na kwamba mtu mzima aweza kusafiri saa mbili bila kashata. Ni kweli, aweza. Lakini mtaani kwetu watu huishi miaka wakitenganishwa na ukuta mmoja bila kujuana majina, kila mmoja akiwa na mlango wake na kufuli lake. Mtumbwi hauna milango. Mle ndani, atakayekula kwa siri ataonekana na wote, na atakayegawa ataonekana na wote vilevile.

Basi wewe unayefunga mizigo mwaka huu, fanya hesabu ya watu wa nyumbani mwako kama kawaida. Ukiisha, ongeza madonge kadhaa ya watu usiowajua, kisha ufunge kopo. Huko Mbita hakuna ajuaye ataketi karibu na nani.