Tupake Karatasi Zetu, Tutunze Kumbukumbu Zetu

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika misitu ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo ua hilo hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Ua ni letu, jina ni la wengine.

Hatulitaji jambo hili kwa nia ya kuwalaumu wafu. Tunalitaja kwa kuwa ndivyo kumbukumbu nyingi za milima ile zilivyokwenda. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilikusanya mimea mingi iliyokaushwa. Mwaka 1950 mkusanyo huo ulikuwa umehamishiwa Nairobi. Picha za Walther Dobbertin, aliyezunguka nchi hii na kamera kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, zimehifadhiwa Ujerumani. Mtoto wa Lushoto hujifunza habari za mlima wake kwa kumbukumbu zilizoandikwa na wengine na kuwekwa mbali naye.

Basi ipo kazi moja ya mikono ambayo tunaona inafaa iingie katika shule zetu, nayo ni kupaka karatasi dawa na kuchapa picha kwa jua. Njia hii iligunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Haihitaji kamera, wala umeme. Ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi duniani kunakili michoro ya majengo na mitambo, ile yenye mistari myeupe juu ya buluu. Ndugu zetu wa Visiwani watapendezwa kujua kwamba mtu wa kwanza kutoa kitabu kwa njia hii, Bibi Anna Atkins, alianza mwaka 1843 kwa kuchapa picha za mwani. Nao mwani ni zao ambalo kina mama wa Unguja na Pemba wanalilima!

Kazi yenyewe ni hivi. Hutwaliwa chumvi mbili: sitrati ya feri na amonia, gramu 25 katika mililita 100 za maji, na ferisayanidi ya potasiamu, gramu 10 katika maji kiasi hicho hicho. Kila moja huwekwa katika chupa yake. Siku ya kazi huchanganywa sawa kwa sawa, na mchanganyiko hupakwa kwa brashi pana juu ya karatasi nzito ya kuchorea, kwanza kwa upana kisha kwa urefu, ili dawa ienee bila kutuama. Brashi isiwe na bati, kwani chuma huharibu dawa. Yote haya hufanywa ndani, penye mwanga hafifu, na karatasi huachwa gizani hadi ikauke kabisa.

Ikisha kukauka, jani hulazwa juu yake, hukandamizwa kwa kioo, na vyote hutolewa juani. Jua kali la mchana hufanya kazi hiyo kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Mwanga hugeuza dawa kuwa buluu isiyoyeyuka. Pale jani lilipofunika, dawa hubaki kama ilivyokuwa na huondoka kwa maji. Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka ubao uliopakwa udongo mweupe: ulipooshwa, maandishi yalitoweka. Hapa kuosha ndiko kunakoidhihirisha picha.

Kila mahali pana taabu yake. Lushoto, ukungu hulainisha karatasi kabla haijakauka, na mawingu hurefusha muda wa kungoja. Visiwani jua si haba, lakini maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa, na chokaa, kama sabuni na magadi, huila buluu hii. Dawa yake ni matone machache ya ndimu au siki katika maji ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo picha zisibandikwe juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Tena zisiachwe juani.

Walimu nao wazingatie hadhari. Ferisayanidi haina madhara makubwa ikishikwa kwa uangalifu, bali ikichanganywa na asidi kali au ikichomwa moto hutoa hewa ya sumu. Chupa zifungiwe kabatini, mikono ioshwe, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni.

Hatudai kwamba picha ya buluu itachukua nafasi ya mmea uliokaushwa, wala kwamba dawa zake zinachimbwa hapa kwetu. Tunachodai ni kwamba misitu ya Usambara ina mimea isiyoota kwingine kokote duniani, na kila shamba linalopanda mlimani hupunguza mahali pa mimea hiyo. Mzee anayejua jina la mti kwa Kisambaa na kazi yake akifariki, na mti nao ukakatwa, hatutabaki na lolote la kumwonyesha mjukuu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wafanye jambo dogo linalowezekana. Kituo cha utafiti wa misitu cha Lushoto, kilicho chini ya TAFORI, kiwasaidie walimu kutambua mimea. Halmashauri inunue dawa za kuanzia kwa shule chache. Wanafunzi wachukue majani yaliyoanguka, wasing'oe mche wa hifadhi, na chini ya kila picha waandike jina la Kisambaa, la Kiswahili na la kitaalamu, mahali na tarehe. Huko Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari inaweza kuzisaidia shule za pwani vivyo hivyo kwa mwani. Kisha shule za mlimani na za Visiwani zibadilishane nakala.

Mwaka 1967 tulifundishwa maana ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi walidhani ni jembe peke yake. Kujitegemea ni pamoja na kuandika wenyewe habari za nchi yetu, na kuzitunza mahali ambapo watoto wetu watazifikia.