Pakiti Zinazopotea Njiani

Mwezi Oktoba, 1871, Dakta Livingstone aliwasili Ujiji akiwa hoi, akitarajia kuikuta shehena aliyoletewa kutoka Unguja. Hakuikuta. Aliyekabidhiwa alikuwa amekwisha iuza. Tangu enzi hizo watu wa Ujiji na ndugu zetu wa Visiwani wanafahamu kwamba mzigo kuondoka si mzigo kufika.

Leo shehena hiyo ni taarifa. Mwananchi wa Rusimbi anayekwenda kulipia huduma ya serikali huambiwa, "Mtandao unasumbua," akarejea kwake mikono mitupu. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini tarehe 12 Mei, 2024, kila mtu alijua. Lakini ruta, mtambo unaozielekeza taarifa njia yake, inaweza kudondosha pakiti chache kila dakika pasipo yeyote kujua. Nazo chache si haba: kompyuta inayotuma hulazimika kuzirudia na kupunguza mwendo, na foleni ikarefuka.

Upimaji una kanuni zake. Mwongozo wa RFC 2544, uliotolewa mwaka 1999, unataka ruta ipimwe kwa pakiti za ukubwa mbalimbali, kuanzia baiti 64 hadi 1518, na uwezo wake uhesabiwe pale tu ambapo hakuna hata moja iliyopotea. Sababu ni dhahiri. Katika njia ya gigabiti 1, pakiti kubwa kabisa hupita takriban 81,000 kwa sekunde. Ndogo kabisa hupita takriban 1,488,000. Ruta iliyopimwa kwa kubwa peke yake haijapimwa.

Pakiti zikipotea, fundi asikimbilie kuilaumu ruta. Kwanza akiunganishe kipimio chenyewe kwa waya mfupi, bila ruta katikati. Zikiendelea kupotea, kosa liko kwenye kipimio au waya. Kisha asome hesabu za kila mlango. Upotevu wenye makosa, hata mzigo ukiwa mdogo, huashiria waya mbovu, kiungo kilicholegea, au pande mbili zisizopatana: mmoja husema na kusikiliza kwa pamoja, mwingine hupokezana. Upotevu unaoanza mzigo unapozidi huashiria ghala la muda lililojaa au mtambo uliolemewa. Naye abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, kisha apime tena. Akibadilisha matatu pamoja, hatajua lipi lililoponya.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika, Bara na Visiwani: msitie saini ya kupokea mtambo kabla ya kuona jedwali la vipimo vya ukubwa wote. Maneno ya muuzaji si kipimo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na gharama ya ukuta huo hulipwa na yule aliyesimama dirishani tangu asubuhi.

Pakiti haipotei hivi hivi. Inapotea mahali, na mahali hapo panaweza kutafutwa.