Kimo cha Moduli ya RAM

Umenunua RAM kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Aina ni sahihi na idadi ya GB ni sahihi, lakini ukitaka kuichomeka, inagonga kipoza joto cha kichakataji. Kosa lako ni kutopima kimo. Katika mada hii utajifunza vipimo visivyobadilika vya moduli ya RAM, na kile kinachoweza kubadilika.

Vipimo visivyobadilika
Moduli ya kompyuta ya mezani huitwa DIMM. Urefu wake, kutoka ncha moja hadi nyingine, ni mm 133.35, ili ulingane na sloti ya ubao mama. Ukingo wake wa chini una pini zilizopakwa dhahabu: DDR3 ina pini 240, DDR4 na DDR5 zina pini 288. Katikati ya pini kuna pengo dogo, na mahali pake hutofautiana kwa kila kizazi. Ndiyo maana DDR4 haiingii katika sloti ya DDR5, ingawa idadi ya pini ni ileile. Ukiona haiingii, usiilazimishe, utavunja sloti.

Kipimo kinachobadilika
Kimo cha moduli ya kawaida isiyo na bamba ni takriban mm 31. Moduli nyingine hubandikwa bamba la alumini la kupoza chipu, na kimo chake huweza kupita mm 40. Moduli ya kimo kifupi haina bamba, au ina bamba jembamba lisilopanda juu sana. Zipo fupi zaidi, ziitwazo VLP, zenye kimo cha karibu mm 19. Hizi hutumika katika seva nyembamba.

Je, hazitapata joto mno?
Hapana, kwa matumizi ya kawaida. Volteji imekuwa ikipungua: DDR3 hutumia V 1.5, DDR4 V 1.2 na DDR5 V 1.1. Bamba kubwa huwafaa zaidi wanaoendesha RAM kwa kasi kupita kiwango chake.

Mfano
Kipoza joto kinaacha nafasi ya mm 35 juu ya sloti. Moduli A ina kimo cha mm 44, moduli B mm 32. Zote ni DDR4 za GB 8 zenye kasi sawa. Utachagua ipi?
*Jibu:* B, kwa kuwa 35 − 32 = 3; inabaki nafasi ya mm 3. A imezidi kwa mm 9.

Zingatia
Watahiniwa wengi huchanganya moduli ya kimo kifupi na SO-DIMM ya kompyuta mpakato. SO-DIMM ina urefu wa mm 67.6 kwa DDR3, na mm 69.6 kwa DDR4 na DDR5, hivyo haiingii katika sloti ya DIMM. Pia, kimo hakionyeshi ukubwa wala kasi ya kumbukumbu.

Jipime
1. Taja vitu viwili vinavyozuia DDR3 kuingia katika sloti ya DDR4.
2. Kwa nini seva nyembamba huhitaji moduli za VLP?