Kabla ya Kusema Dawa Imekataa

Mgonjwa wa skizofrenia anaporudishwa wodini kwa mara ya tatu, iwe Gilgil au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, jamaa zake husema dawa imekataa. Kitaalamu, ugonjwa huhesabiwa kuwa sugu iwapo dawa mbili tofauti zimetumika, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa wiki sita hivi, bila nafuu ya maana, na kuna hakika kwamba mgonjwa alizimeza. Sharti hilo la mwisho hurukwa. Swali linalorukwa zaidi ni jingine: ameongezea nini juu ya alichoandikiwa?

Tuchukue benzheksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane. Haitibu saikosisi. Hutolewa kwa sababu dawa za saikosisi kama haloperidoli na sindano ya flufenazini huzuia dopamini, na mgonjwa huweza kubaki akitetemeka, shingo imepinda, taya limekaza. Kazi ya kuyatuliza hayo huiweza vizuri. Lakini pia huchangamsha, na ikizidi hulewesha, ndiyo maana wapo wanaojifanya wamekakamaa ili waongezewe vidonge. Aliyezidisha huona watu wasiokuwapo na kupotelewa na saa na mahali. Ni rahisi kudhani ugonjwa umerudi, akaongezewa haloperidoli, na kwa kuwa hiyo imeongezwa, benzheksoli nayo ikapanda. Sumu sasa inaandikwa na daktari mwenyewe! Dalili za kutilia shaka hazihitaji mashine: mboni zilizopanuka, ulimi mkavu, moyo unaokwenda mbio. Tangu 1990 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za aina hii zisitolewe kwa kila mgonjwa kama desturi. Muguka, majani ya kutafuna kutoka Embu, huharibu kwa njia nyingine: kathinoni iliyomo humwaga dopamini ileile ambayo matibabu yanajaribu kuizuia.

Mtu atasema huku ni kumlaumu mgonjwa. La hasha. Kukakamaa ni mateso ya kweli, na anayenyang'anywa benzheksoli ghafla huenda akaacha matibabu yote. Busara ni kuangalia kwanza kama haloperidoli yenyewe imezidi, kisha kupunguza benzheksoli polepole. Pingamizi zito zaidi ni kwamba usugu wa kweli upo. Upo, na dawa yake ni klozapini: katika utafiti wa Marekani wa 1988, asilimia 30 ya waliokuwa wameshindikana walipata nafuu kwayo, dhidi ya asilimia 4 waliopewa klopromazini. Ila inaweza kuangamiza chembe nyeupe za damu. Finland ilizika wagonjwa 8 mwaka 1975, na tangu hapo damu hupimwa mara kwa mara. Hapa pana mtego usiozungumzwa vya kutosha. Waafrika wengi huzaliwa na kiwango cha chini cha chembe hizo bila kuugua zaidi ya wengine, kwa hiyo anayepimwa kwa kipimo cha Wazungu anaweza kunyimwa dawa pekee iliyobaki. Damu ichukuliwe zaidi ya mara moja kabla ya kidonge cha kwanza, ili kila matokeo yatakayofuata yalinganishwe na kiwango cha mgonjwa mwenyewe.