Mwaka wa Kwanza wa Utabibu na Juma la Mwanafunzi Wake

Katika mji wa Mbalizi, ulio magharibi mwa jiji la Mbeya kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kama ilivyo katika miji mingi ya Nyanda za Juu Kusini, kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea udaktari huanza kuitwa "dokta" na majirani kabla hajafunga sanduku lake la safari. Na arejeapo kwa likizo ya kwanza hukuta jamaa wamekwisha kumpangia foleni ya maradhi, huyu akilalamikia kichomi, yule presha, na bibi akimwonyesha goti lisilompa usingizi. Ajabu yao huwa kubwa wasikiapo kwamba mwanafunzi huyo, licha ya mwaka mzima wa kukesha na vitabu, hajafundishwa kuandika dawa hata moja ya homa. Wengine hudhani mtoto amezembea, na wengine hudhani chuo ndicho kilichozembea. Dhana zote mbili hazina insafu, kwa sababu mwaka wa kwanza wa utabibu umepangwa makusudi usiwe mwaka wa kutibu: ni mwaka wa kuujua mwili ulio mzima, na kumlea mtu atakayeaminiwa baadaye kuugusa ulio mgonjwa.

Mpango huu una asili yake. Tangu zama za Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha Al-Qanun kilisomwa na matabibu wa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, wanazuoni walikubaliana kwamba tabibu asiyejua kazi ya kiungo hawezi kuujua ugonjwa wake. Hata hivyo, hadi kufika mwanzo wa karne ya ishirini, vyuo vingi vya utabibu, hata katika nchi tajiri, vilifundisha kwa mihadhara mitupu, na mtu aliweza kupata shahada pasipo kushika hadubini wala kukanyaga maabara. Mwaka 1910 mwalimu mmoja wa Marekani, Abraham Flexner, alitoa taarifa iliyofichua aibu ya vyuo vya Marekani na Kanada, akashauri kwamba miaka miwili ya mwanzo itumike kwa sayansi za msingi ndani ya maabara, na inayofuata itumike hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Vyuo kadha wa kadha vilifungwa kwa sababu ya taarifa hiyo, na umbo alilolipendekeza likaenea duniani, likafika hata kwetu.

Kwetu lilifika kwa hatua. Kwa miongo mingi Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alilazimika kusafiri hadi Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924. Na Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru wake ikiwa na madaktari kumi na wawili tu waliohitimu. Mwaka 1963 ilifunguliwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikapandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu. Kitivo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991, na mwaka 2007 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo kijana wa Mbalizi hana haja ya kusafiri hadi pwani, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya sayansi za afya mjini Mbeya, na wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo hupokea wagonjwa wa mikoa yote ya nyanda hizi, Iringa, Njombe na Rukwa zikiwemo.

Safari yenyewe ni ya miaka mitano, na mwenye kuiingia aghalabu ni kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita, au tabibu mwenye stashahada anayetaka kujiendeleza. Kwa desturi miaka miwili ya mwanzo huwa ya sayansi za msingi, na mitatu iliyobaki ni ya wadi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Baada ya hapo huja mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, chini ya macho ya wakubwa. Katika hayo yote, mwaka wa kwanza hubeba masomo makuu matatu.

La kwanza ni anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili. Mwanafunzi hujifunza mifupa 206 ya mtu mzima, kila mmoja kwa jina lake, nundu zake na matundu yake. Hujifunza jozi 12 za mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Na huufuata mkono, mguu, kifua, tumbo, kichwa na shingo, sehemu baada ya sehemu, katika miili halisi iliyohifadhiwa kwa fomalini, dawa ambayo harufu yake huwasha macho na hung'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa. Miili hiyo aghalabu ni ya watu waliofia hospitalini pasipo jamaa wa kuwadai. Kwa hiyo adabu ya chumba hicho ni kali: hapigwi mtu picha, haufanyiwi mwili mzaha, na kila kipande hurejeshwa mahali pake. Mwanafunzi aliyeingia akitetemeka siku ya kwanza hutoka mwisho wa mwaka akiwa amejifunza jambo ambalo halimo kitabuni, nalo ni kwamba mwalimu wake wa kwanza wa utabibu alikuwa maskini asiyejulikana jina, aliyemfundisha pasipo kuombwa idhini na pasipo kushukuriwa.

Ndani ya anatomia mna tawi la elimu ya mimba, ambalo manufaa yake yaweza kuelezwa kwa mfano mmoja. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe unaojikunja kuwa mfereji, na mfereji huo hujifunga kabla ya kutimia juma la nne tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama aghalabu hajajua kwamba ni mjamzito. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hiyo ya siku huelewa pia kwa nini mwanamke anayetazamia kuzaa huambiwa atumie asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Kwani akingoja hadi siku ya kwanza ya kliniki, mfereji umekwisha kujifunga au umekwisha kushindwa.

Somo la pili ni fiziolojia, elimu ya utendaji wa viungo. Anatomia ikisema moyo uko wapi, fiziolojia huuliza unafanya nini, na jibu lake ni kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita tano za damu kila dakika, na hupiga mara laki moja hivi kwa siku. Mbeya yenyewe ni darasa zuri la somo hili. Jiji liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyetoka Tanga au Unguja huhema zaidi kuliko mwenzake wa Mbalizi katika majuma ya mwanzo apandapo mlima. Kadiri siku zipitavyo, figo zake huhisi upungufu wa oksijeni, hutoa homoni inayoamrisha uboho uzalishe chembe nyekundu zaidi, na pumzi hurejea taratibu. Mwanafunzi huyo amesoma sura nzima ya fiziolojia katika kifua chake mwenyewe.

La tatu ni biokemia, elimu ya kemia ya uhai, ambayo wanafunzi wengi huiogopa kuliko zote, kwa kuwa ina mizunguko na majina marefu yanayoteleza kichwani mara tu mtihani upitapo. Laiti wangejua ilivyo karibu na jikoni kwao! Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa maghala ya chakula ya taifa, na bado, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa kama 30 kwa mia. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara na kazi nzito za mama shambani zimnyimazo wasaa wa kumlisha mtoto; lakini mojawapo huelezwa na biokemia peke yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, viambato ambavyo mwili hauwezi kujiundia. Basi mtoto aliyeshibishwa uji mtupu ameshiba, na mwili wake bado unangoja vifaa vya kujengea. Maharage yana laisini kwa wingi. Sahani ya ugali na maharage, ambayo wengine huidharau, ni ndoa iliyokubaliwa na maabara.

Kando ya hayo matatu kuna masomo ambayo ratiba huyapa saa chache: saikolojia na sosholojia ya tiba, maadili, takwimu, stadi za mawasiliano, na taaluma za maendeleo, somo lenye mizizi katika zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotaka msomi asiisahau jamii iliyomsomesha. Vijana wengi huyaona haya kuwa ni nyongeza tu. Hilo ni kosa, madhali mihadhara yao husomeshwa kwa Kiingereza na wagonjwa watakaowatibu watajieleza kwa Kiswahili, Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe. Na daktari asiyejua kumsikiliza mtu hata hizo enzaimu alizokariri hazitamfaa.

Sasa tulitazame juma lenyewe. Ratiba hutofautiana chuo na chuo, lakini umbo lake ni moja. Jumatatu hadi Ijumaa mihadhara huanza saa mbili asubuhi, saa moja kwa kila somo, ikifuatana hadi karibu na adhuhuri, na kila mhadhara huweza kubeba sura nzima ya kitabu. Baada ya chakula, kuanzia saa nane, huja vitendo: alasiri mbili au zaidi katika chumba cha anatomia, moja ya hadubini, moja ya fiziolojia ambapo wanafunzi hupimana shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na moja ya biokemia. Ijumaa hukatwa na sala ya adhuhuri kwa Waislamu, na Jumapili au Jumamosi huachwa kwa ibada kwa Wakristo. Jioni ni zamu ya vikundi vya majadiliano, na usiku ni wa kile ambacho wanafunzi hukiita kupiga msuli, yaani kusoma hadi macho yagome.

Mzigo huo una hesabu yake. Katika vyuo vyetu mwaka mmoja wa masomo hukadiriwa kuwa krediti 120, na kila krediti ni saa kumi za kazi, ikihesabiwa mihadhara, vitendo na kujisomea. Jumla ni saa 1,200. Ukizigawa kwa majuma kama thelathini ya kufundishwa, kila juma lapata saa arobaini, sawa na mwajiriwa wa ofisini, na mwanafunzi wa utabibu hulivuka kadirio hilo mara nyingi.

Mitihani nayo ina namna yake. Mbali na karatasi za kuandika kuna mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi husogea kutoka meza hadi meza kwa mlio wa kengele, na kila meza ina kiungo kilichochomekwa pini au kufungwa uzi. Akikitambua kiungo hicho ndani ya dakika moja amepata, asipokitambua kengele humhamisha. Kuna pia mtihani wa mdomo, ambao umewatoa jasho hata vinara wa darasa. Alama za majaribio ya muhula kwa kawaida huchukua 40 kwa mia, na mtihani wa mwisho 60. Aliyeanguka somo hupewa mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu, na aliyeanguka mengi hudisko, yaani huondolewa chuoni. Aghalabu waangukao hawakosi akili. Hukosa mpango, kwa kuwa walizoea sekondari kusoma wiki ya mwisho, na hapa juma moja lililopotea hudaiwa muhula mzima.

Wako wasioafiki mpango huu wa kale. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada kilianza kufundisha kwa kumpa mwanafunzi kisa cha mgonjwa tangu siku za mwanzo, akitafute mwenyewe kilicho nyuma yake, na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, Kenya, kilifuata njia hiyo na kuwapeleka wanafunzi vijijini mapema. Hoja yao ina uzito, kwani elimu isiyo na uso wa mtu husahaulika upesi. Lakini hata huko hakuna aliyethubutu kuiondoa anatomia wala fiziolojia. Ikhtilafu ni juu ya mlango wa kuingilia, na nyumba imebaki ile ile.

Basi wazazi na jamaa wa Mbalizi na kwingineko wafanye mambo mawili. Kwanza, wasimtwishe mwanafunzi huyu maradhi yao, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kutibu kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye kichomi aende Hospitali Teule ya Ifisi, iliyo jirani naye. Pili, wamwachie wakati wake, wasimwite nyumbani kwa kila hafla katikati ya muhula. Na kijana aliye kidato cha sita leo, akiitamani kazi hii, aanze sasa kujizoeza kusoma kila siku kwa saa zilizopangwa, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo chuo kitamdai kabla ya jingine lolote.